Magadi yanayogeuza jivu kuwa jiwe

Mahindi ya makande yakigoma kuiva, mama anadondosha kipande cha magadi kwenye sufuria na baada ya muda yanalainika. Akizidisha, chakula kinakuwa kichungu na hakiliki. Kumbuka sufuria hiyo, msomaji, maana historia ya leo ni ya magadi na ndugu zake, ila safari hii wamo kwenye zege.

Saruji tunayoijua ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, mikononi mwa Joseph Aspdin. Kuitengeneza ni kuchoma mawe ya chokaa na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Ndiyo maana inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa hiyo kila ukisikia habari ya "saruji ya kijani", jiopolima haikosi kutajwa. Unachukua jivu la makaa ya mawe au taka za tanuri la chuma, unatia alkali kali, mchanganyiko unaganda. Sisi waandishi tunapenda kulisifia jivu. Lakini ukiifuatilia historia yake, utaona swali gumu siku zote lilikuwa la alkali: ipi, na kiasi gani?

Hans Kühl, Mjerumani, alipata hataza ya kuchanganya taka za tanuri na alkali mwaka 1908. Mwaka 1940 Mbelgiji A. O. Purdon akachapisha majaribio ya taka zaidi ya aina 30. Taka ambazo kwa maji matupu husuasua, zikitiwa sodiamu haidroksaidi (ile kostiki soda ya watengeneza sabuni) zilifikia nguvu inayokaribiana na ya saruji. Mwaka huohuo vita ikaingia kwao. Baada ya vita saruji yake ilitumika Brussels, hata kwenye sehemu ya jengo la kuegesha magari la Parking 58 la mwaka 1957, ambalo lilibomolewa baada ya miaka kama 60.

Huko Kiev, Viktor Glukhovsky alianza kazi kama hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wa njia yake walifika mbali: mjini Lipetsk, Urusi, kati ya 1986 na 1994 yalijengwa maghorofa yanayozidi ghorofa 20. Hata hivyo, jina lililoenea duniani ni "jiopolima", alilolitunga Mfaransa Joseph Davidovits miaka ya 1970, alipokuwa akitafuta vifaa visivyoshika moto baada ya ajali mbaya za moto nchini kwake.

Sasa tuingie jikoni. Ndani ya jivu kuna silika na alumina zilizofungamana. Kostiki soda inavunja vifungo hivyo, kama magadi yanavyoyavunja mahindi. Vipande vikishaachiana vinaanza kushikana upya, safari hii kwa mtandao mgumu. Sodiamu silikati, ambayo watengeneza sabuni wanaijua pia, inaongeza silika iliyokwisha kuyeyuka, na mtandao unakuwa imara zaidi.

Ushahidi mzuri ulitoka Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, mwaka 2004. Hardjito, Rangan na wenzao walitumia jivu lilelile, wakalipasha nyuzi 60 kwa saa 24 na kulipima siku ya saba. Kostiki ya moli 8 kwa lita, yenye silikati kidogo (0.4 kwa 1 ya kostiki), ilitoa megapaskali 17.3. Silikati ilipoongezwa hadi 2.5, nguvu ikaruka hadi 56.8. Kwa kostiki ya moli 14, namba zilikuwa 47.9 na 67.6. Zege la nyumba ya kawaida huhitaji 20 hadi 25 tu. Jivu ni moja, lakini nguvu zimetofautiana karibu mara nne!

Je, tuongeze tu? Hapana. Alkali ikizidi, mtandao huganda mapema juu ya chembe za jivu na kuziba njia kabla ndani hakujayeyuka, na nguvu inashuka. Alkali inayobaki hutoka nje kama unga mweupe ukutani. Ni yaleyale ya makande.

Na magadi yenyewe, sodiamu kaboneti inayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita? Yanaweza kuamsha taka za chuma, ila ni mapole, na nguvu huja polepole. Jivu la makaa ya mawe huwa linahitaji alkali kali zaidi.

Hapo ndipo ukijani unapoingia doa. Silikati hupatikana kwa kuyeyusha mchanga na magadi kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Kostiki hutengenezwa kwa umeme mwingi, na fundi asiye na glavu na miwani inaweza kumpofusha.

Kwa hiyo siku mtu akikuletea tofali la jivu na kusema halina gharama kwa dunia, usimuulize jivu amelitoa wapi. Muulize ametia alkali gani, na kiasi gani.