Kumiliki, kulimbika, kuhodhi

Mkulima wa Bomet mwenye ng'ombe wengi, ghala la mahindi na vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, huambiwa ana mali. Hakuna atakayesema anahodhi. Ng'ombe hao hulipa mahari na karo, na mgeni hakosi mursik. Akiongeza kidogo kidogo kwa bonasi ya majani chai, hiyo ni kulimbika, kitenzi chenye subira ndani yake.

Kuhodhi kuna mtu wa pili: yule aliyezuiwa. Mwenye duka anayefungia unga stoo akingoja bei ipande anahodhi, hata kama ni magunia machache. Wingi hauamui. Majani mabichi ya chai hayahodhiki, maana yasipofika kiwandani mapema huharibika. Ardhi ndiyo huhodhika. Sheria ya kikoloni ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishiwa ardhi hadi miaka 999. Wakipsigis na ukoo wa Watalai walifukuzwa kwenye vilima vya Kericho, na mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamishia Watalai Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 65, imewawekea wasio raia kikomo cha miaka 99.

Kwa hiyo gazeti linapoandika kwamba kampuni ya kigeni "inamiliki" mashamba ya chai ya Kericho, neno limechaguliwa kwa haraka. Kisheria, imekodishiwa. Wajukuu wa waliofukuzwa wakiandika "inahodhi", mhariri asiwasahihishe.