Miradi Tisa ya Chicago: Historia ya Hesabu ya Kugawa Bajeti Isiyotosha

Bajeti isiyotosha ni jambo la kale, lakini hesabu ya kuigawa ipasavyo ina umri mfupi. Kwa muda mrefu wapangaji waliorodhesha miradi kwa faida ya kila shilingi inayotumika, wakaanza na wa juu na kushuka hadi fedha zilipokwisha, na utaratibu huo una kasoro kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa zipo shilingi bilioni 10, na mradi mmoja unagharimu bilioni 6 na kuleta bilioni 9, ilhali mingine miwili kila mmoja unagharimu bilioni 5 na kuleta bilioni 7, afuataye orodha atauchukua wa kwanza na kubaki na bilioni 4 zisizotosha kitu; anayeipima miradi kwa pamoja atauacha huo unaoonekana bora, na kupata bilioni 14 badala ya 9.

Mwaka 1955 James Lorie na Leonard Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago walilichambua tatizo hilo kwa mfano wa miradi tisa inayogombea fungu la 50 katika kipindi cha kwanza na la 20 katika kipindi cha pili, wakitafuta jibu kwa kujaribu na kurekebisha. Zana imara zaidi ilikwishapatikana: upangaji wa mstari, yaani hesabu ya kutafuta jumla kubwa kabisa bila kuvuka mipaka iliyowekwa, ambao Leonid Kantorovich aliuasisi Leningrad mwaka 1939 na George Dantzig akaupatia njia ya simpleksi nchini Marekani mwaka 1947.

H. Martin Weingartner, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliiingiza miradi hiyo tisa katika upangaji wa mstari. Jibu lilikuwa thamani ya 70.27, lakini lilidai mradi wa 6 utekelezwe kwa takriban asilimia 97 na wa 7 kwa asilimia 4.5, nalo daraja la asilimia 4.5 halimvushi mtu.

Dawa ya vipande hivyo ilikwishachapishwa mwaka 1960 na Ailsa Land na Alison Doig wa London School of Economics, wanawake wawili wanaostahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Mradi uliotoka kipande hugawanywa katika matawi mawili, moja la kuukubali wote na jingine la kuukataa, kisha kila tawi hupimwa ukomo wa thamani linayoweza kufikia. Lisiloweza kuzidi jibu lililokwishapatikana hukatwa pamoja na vijitawi vyake vyote.

Kwa miradi ya Chicago, kuchukua wa 1, 3, 4, 6 na 9 mizima hutumia 48 na 20, na kuleta thamani ya 70. Kwa kuwa thamani zote ni namba kamili na ukomo ni 70.27, hakuna uteuzi wowote, kati ya 512 unaowezekana kwa kuchukua au kuacha kila mmoja wa miradi tisa, unaoweza kuipita hiyo.