Karatasi na Kipande

Niliwahi kumnyima mama mboga chumba hapa Nairobi kwa kuwa hakuwa na hati ya mshahara. Nikampa kijana mwenye hati iliyopigwa mhuri. Kodi ilipokwama, nilimpigia simu mwajiri aliyetajwa humo. Hamjui!

Imani hii ya karatasi ina babu yake. Sheria ya kipande ilitungwa 1915. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni, na humo mwajiri aliandika mshahara wake, ili asitoroke kazini. Neno la mwajiri likawa ushahidi. La mfanyakazi, bure.

Kipande kilikwisha, mazoea yakabaki. Lakini mhuri huchongwa. Tumwulize mwajiri kabla ya kutoa ufunguo. Na mama mboga tumwulizie sokoni.