Wazee wa Dar es Salaam na mwalimu wa Pugu

Rais wa Tanzania akiwa na jambo zito la kuwaambia wananchi, mara nyingi huwaita wazee wa Dar es Salaam. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alisimama mbele yao katika ukumbi wa Diamond Jubilee akatangaza kwamba nchi inaingia vitani na Idi Amin. Mei 2010 Rais Kikwete alizungumza nao kuhusu mgomo wa wafanyakazi uliokuwa unakuja. Mei 2021, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais Samia naye akakutana nao Mlimani City. Sisi wa bara, wa Mlali ya Kongwa na kwingineko, tumewaona kwenye televisheni tu: kanzu, baraghashia, kanga, makofi. Ni haki kuuliza kwa nini wazee wa mji mmoja wasikilize kwa niaba ya nchi nzima.

Jibu liko Kariakoo ya miaka ya 1950, na linaanza na kijana mgeni asiyekuwa na mtu mjini.

Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwishoni mwa 1952 akiwa na umri wa miaka 30. Akaajiriwa kufundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, kilomita ishirini hivi nje ya Dar es Salaam. Alikuwa Mzanaki kutoka Butiama, Mkatoliki, msomi wa Kiingereza. Mji aliokuwa akiuendea mwishoni mwa wiki, mara nyingine kwa miguu, ulikuwa mji wa Waswahili, wengi wao Waislamu, wenye masheikh wao, ngoma zao, timu zao na heshima zao. Katika mji kama huo shahada haikumfungulia mtu mlango. Kwanza aliulizwa: huyu ni mgeni wa nani?

Aliingizwa mjini na watu wa rika lake, ndugu Abdulwahid na Ally Sykes na rafiki yao Dossa Aziz. Baba yao akina Sykes, Kleist, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association ya mwaka 1929, chama kilichojenga ofisi yake New Street, barabara tunayoiita leo Lumumba. Kwa hiyo Nyerere alipochaguliwa rais wa chama hicho Aprili 1953, wakati huo kikiitwa TAA, alikuwa anakalishwa kwenye kiti kilichokuwa na wenyewe. Nyuma ya vijana hao walikuwapo wazee, na bila wao kiti kile kisingekuwa na miguu.

Sababu moja ilikuwa ya wazi kabisa. Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waafrika wengi waliosoma walikuwa makarani, matabibu au walimu wa serikali. Kwa karatasi moja wakafungwa mdomo. Waliobaki huru ni wale ambao mshahara wao haukutoka serikalini: muuza samaki, mwenye nyumba ya kupangisha, dereva wa teksi, sheikh wa madrasa, mfanyabiashara kama John Rupia. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, uhuru wa watu hao wa sokoni ulikuwa mtaji mkubwa kuliko fedha.

Wasomi walijua katiba, Umoja wa Mataifa na lugha ya kumjibu gavana. Wazee walijua mtaa. Walijua nani anaheshimiwa na nani, ugomvi gani wa zamani haujaisha, chama gani cha ngoma kina wanawake wengi. Bibi Titi Mohamed, aliyepewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na ni katika vikundi kama hicho alikowapata wanachama. Elimu ya namna hiyo haikufundishwa Edinburgh.

Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilibidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Akawa mtu mwenye mke na watoto, asiye na mshahara, katika mji usio wa kwao. Mji ndio uliomlea. Mama Maria alifungua kiduka. Simulizi za Kariakoo zinamtaja Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni, kuwa mmoja wa waliohakikisha nyumba ile haikosi chakula. Wazee wengine walimwombea dua. Alikaa nao barazani, akicheza bao, mchezo alioupenda hadi uzeeni.

Tusiipambe hadithi hii kupita kiasi, kwa sababu urafiki ule ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilionekana mwaka 1958. Serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Mkutano wa TANU Tabora, mwezi Januari, ulikubali kushiriki kwa shingo upande. Wakati huohuo lilikuwapo swali ambalo wengi walilinong'ona: waliosoma shule za misheni wakishika nchi, Waislamu waliobeba chama watakuwa wapi? Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee la TANU, hakunong'ona. Alilisema mbele ya wenzake, akimlenga Nyerere. Akafukuzwa chamani.

Unaweza kuamini kwamba Takadir alikosea, kwamba maneno yake yangeupasua umoja katika saa mbaya kuliko zote. Unaweza pia kuamini kwamba swali lake lilistahili jibu, si adhabu. Vyovyote vile, siku ile ilibadili masharti ya urafiki. Mzee aliyemkaribisha kijana alijifunza kwamba anaweza kumwombea, kumlisha na kumsindikiza, ila kumpinga hadharani kuna bei. Nadhani hapo ndipo safari ya kutoka barazani kwenda ukumbini ilipoanzia. Barazani mzee husema na kijana husikiliza, kisha wakabadilishana. Ukumbini mmoja anahutubia, wengine wanapiga makofi.

Nyerere mwenyewe hakusahau deni. Novemba 1985, akiondoka madarakani, aliagana na wazee wa Dar es Salaam. Marais waliofuata walirithi ile hadhira, lakini hawakuurithi urafiki, kwani urafiki haurithiwi. Hakuna hata mmoja wa wazee wa ukumbini aliyewahi kumlisha rais wa leo alipokuwa hana kazi.

Sasa makao makuu ya nchi ni Dodoma, uamuzi wa mwaka 1973 uliosubiri zaidi ya miaka 40 kutekelezwa, na Dodoma ni jiji tangu 2018. Vijana wanashuka humo kila siku kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na mikoa mingine, wakiwa na vyeti kwenye bahasha na namba ya simu ya mjomba. Wanapanga Nkuhungu au Chang'ombe. Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa na baraza mbele, mahali ambapo mtu aliweza kuketi bila kualikwa. Mitaa mipya ya Dodoma inajengwa kwa uzio na geti. Mzee mstaafu yuko ndani, kijana mpangaji yuko nje, na kila mmoja anamsikia mwenzake kupitia redio.

Jiji jipya litatengeneza wazee wake, hilo halina shaka. Ukumbi wa kuwakusanya tayari upo. Kilicho kigumu kujenga ni kile walichokuwa nacho watu wa Kariakoo mwaka 1955: mzee asiyetegemea serikali kwa ugali wake, na kijana anayekubali kwamba kuna jambo hakufundishwa chuoni. Tena wawe na mahali pa kugombana bila mmoja kufukuzwa.