Parishi ya Selborne na Maskini Wake

Wakristo wengi wakisikia neno parishi huwaza kanisa moja, kasisi wake na watu wake, wala hawawazi serikali. Lakini katika Uingereza neno hilo lina maana mbili, na ya pili imezaliwa na ya kwanza. Nimependa kueleza habari hiyo kwa kutazama parishi moja tu ya shamba, nayo ni Selborne katika jimbo la Hampshire, maili 50 hivi kutoka London upande wa kusini-magharibi.

Huko alizaliwa Gilbert White mwaka 1720, akawa kasisi msaidizi, akaandika kitabu juu ya ndege, wanyama na mimea ya kwao, kikatokea mwaka 1789. Watu humsifu kwa habari za mbayuwayu wake. Mimi nampenda zaidi pale alipohesabu watu. Mwezi wa Oktoba 1783 parishi nzima ilikuwa na watu 676: kijijini 313, na waliosalia 363 walitawanyika mashambani na kando ya msitu. Asema tena ya kuwa waliotumwa kuizunguka mipaka walitumia siku tatu, nao walikadiria mzunguko wake kuwa si chini ya maili 30.

Taabu hiyo yote ya nini kwa watu 676? Ni kwa sababu mpaka ndio ulioonyesha nani atamlisha maskini yupi. Sheria ya mwaka 1601 iliagiza kila parishi iwatunze maskini wake yenyewe. Kila mwaka mahakimu waliweka wasimamizi wa maskini miongoni mwa wenye nyumba, nao pamoja na wazee wa kanisa wakatoza kodi na kugawa fedha. Basi kodi ilipokuwa nzito, walipaji wakaanza kuuliza, “Huyu ni wetu, au ni wa jirani?” Ndipo ikaja sheria ya 1662: mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya paundi 10 kwa mwaka, akishitakiwa kabla ya siku 40 kupita, aliweza kurudishwa kwenye parishi yake, hata kama hajaomba kitu bado, ikidhaniwa tu kwamba ataomba. Waliopata taabu kuliko wote ni wanawake wenye mimba wasio na waume. Mtoto wa namna hiyo alikuwa mali ya parishi alikozaliwa, kwa hiyo wasimamizi wengine walimharakisha mama avuke mpaka kabla ya saa yake kufika. Na tangu 1697 aliyepokea msaada aliagizwa avae begani herufi P pamoja na herufi ya kwanza ya parishi yake. Sheria hiyo ya alama haikuondolewa mpaka 1810.

Barabara nazo zilikuwa mzigo wa parishi tangu 1555, na watu waliitwa kuzitengeneza bila ujira. Nawahurumia wa Selborne, kwa maana njia zao za zamani zilikwisha kuchimbwa na maji na magurudumu hata nyingine zikawa futi 16 au 18 chini ya mashamba, mfano wa makorongo.

Mwezi wa Novemba 1830 subira iliisha. Vibarua wa kusini mwa Uingereza walikuwa na njaa, na mashine za kupura ngano zilikuwa zimewanyang'anya kazi ya wakati wa baridi. Waliokusanyika Selborne walimwendea kasisi aliyekuwapo siku hizo, wakamwambia ya kuwa paundi 300 kwa mwaka zamtosha, apunguze fungu la kumi ili wakulima waweze kuongeza ujira. Akatia sahihi. Nyumba ya maskini ya parishi waliivunja, na kesho yake wakaivunja ya Headley. Mashitaka yalisikizwa Winchester, na baadhi yao wakahamishwa kwa nguvu mpaka Australia.

Mwaka 1834 serikali ililichukua jambo la maskini kutoka mikononi mwa kila parishi peke yake. Selborne iliunganishwa na jirani zake chini ya mji wa Alton, na maskini wakapelekwa katika nyumba kubwa moja, mbali na jamaa zao. Sidhani kama waliona nafuu. Hata hivyo hesabu ya kodi ilibaki ya parishi, na mwaka 1866 sheria ilieleza ya kuwa parishi ya serikali ni mahali panapoweza kutozwa kodi yake ya maskini. Njaa, basi, ndiyo iliyochora ramani. Miaka hiyo hiyo Blackmoor ilipewa kanisa na kasisi wake, ikatengwa na Selborne kwa mambo ya dini, lakini kwa mambo ya serikali ikabaki Selborne.

Kwa sheria ya 1894 vijiji vilipata halmashauri za kuchaguliwa. Kasisi hakuwa tena mwenyekiti kwa haki ya cheo chake, na wanawake, hata walioolewa, waliweza kupiga kura na kuchaguliwa. Wasimamizi wa maskini walikoma mwaka 1927. Mwaka 1974 wilaya ya shamba ya Alton nayo ilifutwa, Selborne ikawekwa chini ya East Hampshire. Halmashauri ya parishi haikufutwa. Ipo mpaka leo, na fungu lake dogo la kodi hutozwa na wilaya pamoja na kodi nyingine, kisha hupewa yenyewe.