Kutoelewana kwa Pande Mbili

Mwaka 2012 mwanasosholojia Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliipa jina la Kiingereza, “double empathy problem”, hali ya mwenye usonji na asiye nao kushindwa kusomana. Hoja yake ni kwamba tatizo limo katikati yao, wala halimo kichwani mwa mmoja. Atakayelitafsiri jina hilo neno kwa neno ataishia kwenye “huruma maradufu”, na maana itapotea, kwa kuwa huruma kwetu ni kumsikitikia mtu. Napendekeza kutoelewana kwa pande mbili. “Haelewi” humlaumu mmoja; “hawaelewani” huwagusa wote.

Chukua darasa lolote la Eldoret. Mwalimu amekasirika: “Kwani unaniona mjinga?” Mtoto mwenye usonji anafikiri, kisha anajibu alichoulizwa: “Hapana, lakini hesabu ya pili umekosea.” Wenzake wanacheka, naye anaandikiwa utovu wa adabu. Machoni pake, mtu mzima ameuliza swali, amejibiwa kweli, kisha ameadhibu. Kila mmoja amemkosa mwenzake, ila kosa limeandikwa kwa jina la mtoto peke yake. Hilo linaniuma, maana ndiye tuliyemfundisha kwamba uongo ni mbaya.

Ushahidi wa hoja ya Milton upo, nao unataka uangalifu. Katika utafiti wa Catherine Crompton na wenzake, uliochapishwa 2020, watu wazima 72 walipokezana hadithi mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji walipopokezana wao kwa wao, hawakupoteza habari kuliko wasio na usonji. Iliyopotea zaidi ni ya makundi yaliyochanganywa. Utafiti mkubwa zaidi wa 2025 haukuiona tena tofauti hiyo ya mchanganyiko. Basi nusu moja ya hoja imelegea. Nusu iliyobaki ndiyo nzito: wenye usonji tena walifikisha habari sawa na wengine, jambo lisilotarajiwa kama wangekuwa na upungufu wa mawasiliano kwa asili.

Mzazi wa mtoto asiyezungumza kabisa atauliza, je, kusema hivyo si kumficha mtoto anayehitaji msaada? Ana haki ya kuuliza, kwani tafiti hizo zilihusu watu wazima wanaozungumza. Lakini istilahi hii haifuti hitaji la mtoto wake; inaongeza mtu wa pili wa kuchunguzwa. Daktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi anayeuliza kama mtoto hufuata maagizo anaweza pia kuuliza maagizo hayo hutolewa vipi, kwa maneno gani, na nani.