Punje ya Shayiri katika Mizani ya Baruti

Kosa lenyewe lilikuwa langu, wala sina wa kumsingizia. Mwaka 1998 nilipewa nifasiri kumbukumbu za mwindaji wa tembo, Mwingereza, kazi ya ujira na si ya mapenzi. Mahali fulani mwandishi alitaja risasi yenye uzito wa "500 gr", na mimi, niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi na redio, nikaandika bila ya kusita: gramu 500. Mzee aliyekuwa akipitia miswada, Mungu amrehemu, aliniita barazani kwake, akanisomea sentensi ile mara mbili kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu bwana alikuwa akiwinda kwa bunduki au kwa mzinga?"

Risasi ya nusu kilo! Nilicheka, nikaona haya, nikarudi nyumbani kutafuta. Herufi zile mbili hazikuwa gramu, bali kipimo ambacho Waingereza wamekiita kwa jina la punje ya nafaka. Punje 15 na karibu nusu ndizo zifanyazo gramu moja, na risasi ya tembo ya punje 500 ina uzito wa gramu 32 tu. Nikasahihisha, kitabu kikaenda zake. Lakini neno halikuniacha. Yakuwaje watu waliotengeneza bunduki ya kuangusha tembo wapime baruti yake kwa punje ya shayiri?

Jibu ni kwamba punje ni kongwe kuliko bunduki. Katika Uingereza ya zama za kati, sarafu ya fedha ya peni ilielezwa kuwa na uzito wa punje 32 za ngano, zilizotwaliwa katikati ya suke. Wapimaji wa dhahabu na wauza dawa wao walifuata punje ya shayiri, iliyo nzito zaidi. Baadaye nafaka yenyewe iliwekwa kando, shaba ikachukua nafasi yake, jina likabaki. Ratili ya Kiingereza ikapewa punje 7,000 kamili, na mwaka 1959, nchi zinazosema Kiingereza zilipoafikiana juu ya ratili moja, punje nayo ikafungwa mahali pake: miligramu 64.79891. Anayetaka kuiona na afungue kichupa cha aspirini ya Kimarekani. Kidonge cha miligramu 325 ni punje tano za mfamasia wa zamani, na kile kidogo cha miligramu 81, wanachopewa wagonjwa wa moyo, ni punje moja na robo.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kushangaa, kwani mizani zetu nazo zimejaa mbegu. Karati ya sonara imetokana na kirati cha Waarabu, nacho kimetokana na mbegu ya kharubu, mti wa nchi za Mediterania. Ilisemwa karne kwa karne kwamba mbegu zile zilichaguliwa kwa kuwa zote zina uzito mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa sivyo: hutofautiana kama mbegu nyingine, ila jicho la mtu aliyezoea laweza kuziteua zinazolingana. Nimelipenda sana jambo hili. Usahihi haukuwamo katika mbegu, ulikuwamo katika jicho.

Katika miaka ya sabini, nikiwa mtoto, nilizoea kusimama mlangoni kwa sonara mmoja wa Mji Mkongwe. Mizani yake ilikuwa na vitanga viwili vya shaba, kila kimoja kama nusu ya ganda la ndimu, vimening'inizwa kwa nyuzi za hariri. Kila alipoiinua aliizuia pumzi, nasi watoto tuliamrishwa tuizuie pia. Katika kijisanduku chake mlikuwamo rupia chakavu, na katika kibati cha tumbaku mbegu nyekundu zenye doa jeusi, tunazoziita macho ya tipitipi. Zile mbegu, alitueleza, ndizo mawe ya mizani ya babu zake kule Bara Hindi, wakiziita rati. Tena tusizitie kinywani, maana zina sumu ya kuua. Rati 96 zilifanya tola moja. Mwaka 1833 Waingereza waliokuwa wakitawala huko waliikaza tola kuwa punje 180 za kwao, na rupia ikapigwa kwa uzito uo huo. Basi mtu aliyekuwa na rupia Unguja kabla ya mwaka 1936, siku za mwisho za sarafu hiyo kwetu, alikuwa na fedha mfukoni na pia jiwe la mizani.

Na kabla ya rupia palikuwa na mithkali. Vasco da Gama alipoilazimisha Kilwa kutoa kodi mwaka 1502, dhahabu ilihesabiwa kwa mithkali, kipimo cha gramu nne na kitu. Huko Lisbon wakaiyeyusha, wakafanyia chombo cha kanisa kilichokamilika mwaka 1506, ambacho kingalipo katika jumba la makumbusho la mji ule. Majirani zetu wa Msumbiji wanalibeba jina la kipimo hicho hadi leo katika sarafu yao, metikali.

Basi dhahabu, lulu na dawa zilipimwa kwa mbegu. Baruti je? Baruti kwa muda mrefu haikupimwa kwa mizani hata kidogo. Ilipimwa kama mchele, kwa chombo. Mwenye gobore alikuwa na pembe ya baruti na kikombe kidogo, au kiganja chake tu. Alimimina, akasindilia, akatia risasi. Baruti nyeusi ya shura, mkaa na kiberiti iliustahimili uzembe huo. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa ya kusukuma risasi, bali hutoka kuwa moshi na masizi. Aliyezidisha kidogo, aghalabu alipigwa teke la bega na kufukiziwa macho. Hivi ndivyo ilivyokuwa Ulaya, Marekani na kwetu pia.

Kwetu baruti ilikuwa bidhaa ya kutolewa macho. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, kifungu kimoja kiliruhusu bunduki na baruti ziuzwe popote katika bandari za Sultani, isipokuwa kisiwani Unguja, ambako mnunuzi ni serikali peke yake. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipoamua kuzuia silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, yalipambanua baruti mbili: ya kawaida ya kibiashara, ya kutumiwa katika gobore, iliyoweza kutolewa kwa masharti, na ile ya bunduki mpya, iliyofungiwa mlango. Walijua walilolifanya. Kati ya baruti hizo mbili palikuwa pamepita mapinduzi.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel iliyoitumia. Baruti hiyo karibu yote hugeuka hewa, na nguvu yake kwa uzito ule ule ni kama mara tatu ya ile nyeusi. Hapo ndipo kikombe kilipokuwa hatari. Wawindaji waliozoea kumimina kwa macho waliendelea kumimina kwa macho, na bunduki zikapasuka mikononi mwao. Viwanda vingine vilijaribu kuwahurumia kwa kutengeneza baruti mpya iliyotiwa wepesi, ili kikombe kile kile cha zamani kiweze kuijaza bila ya madhara. Baruti nyingine zilikuwa nzito na zilitaka kupimwa kwa mizani tu. Makopo ya aina zote mbili yalikaa dukani ubavu kwa ubavu. Si vigumu kukisia mtu asiyejua kusoma vyema alikabiliwa na nini.

Basi wajazao upya maganda ya risasi, ambao wengi wao wako Marekani, ambako ni ada ya nyumbani, walilazimika kuingia katika dunia ya sonara. Wakachukua mizani ya mfamasia, na pamoja nayo punje yake. Mizani yao ya kale ni mkono mmoja uliokaa juu ya makali mawili ya chuma, na makali yamelala juu ya akiki. Jiwe dogo husogezwa katika meno ya mkono, na sumaku huutuliza usiyumbe. Haina waya wala betri. Aliyeitunza humrithisha mwanawe.

Mpwa wangu aishiye Ohio ni mlenga shabaha. Mwaka juzi alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Wewe ni mtu wa mizani, nishauri ninunue ipi." Nadhani alikuwa akinitania, kwa kuwa mizani niijuayo ni ile ya ushairi, nane kwa nane, iliyoelezwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Hata hivyo nikamwambia anisomee alichokiona dukani, nami nikachukua kalamu.

Ya kwanza ilikuwa mizani ya mfukoni ya umeme, rahisi, inayoonyesha hadi sehemu ya mia ya gramu. Kitufe chake kimoja hubadilisha kipimo: gramu, wakia, karati, punje. Nilimwomba arudie. Historia yote niliyoihangaikia miaka ishirini na zaidi ilikuwa imejipanga chini ya kidole gumba chake! Lakini sehemu ya mia ya gramu ni punje 0.15, na ganda la bastola huenda lisitiwe zaidi ya punje tano. Hiyo ni asilimia tatu isiyoonekana kabisa, kabla ya kosa lolote la mizani yenyewe. Katika ganda la bunduki lenye punje arubaini na kitu, kasoro hiyo hiyo ni ndogo. Kwa hiyo kilicho kidogo ndicho kinachotaka mizani kali zaidi, jambo ambalo watu hulikisia kinyume. Na kitufe kile chaweza kuguswa kwa bahati mbaya, mtu akasoma gramu akidhani ni punje. Kosa langu la mwaka 1998 limefinyangwa likawa kitufe.

Ya pili ilionyesha sehemu ya kumi ya punje, ambayo ni miligramu 6.5. Ya tatu, ya bei ya maabara, hufika miligramu moja, nayo haitegemei chuma kinachopindwa na mzigo bali nguvu ya sumaku inayoukabili mzigo. Nilimuuliza swali ambalo sonara angeliuliza: ukiweka kitu kimoja mara kumi, itasema neno moja mara kumi? Kuonyesha tarakimu nyingi si kusema kweli. Mizani za umeme huhama polepole zinapopata joto, huyumbishwa na upepo wa feni na umeme tuli wa nguo, na hudanganya zikikaa mahali paliposimama upande. Dawa yake ni jiwe la kujaribia lenye uzito unaojulikana, liwekwe kabla ya kazi, katikati na baada. Watawala wa Kiislamu wa Misri waliligundua hilo tangu karne ya 8: walitoa mawe ya kioo ya kupimia sarafu, kwa kuwa kioo hakishiki kutu, na akikikwangua mwizi alama huonekana.

Alichagua ile ya pili, na mawe mawili ya kujaribia. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Akaniambia baadaye kwamba mabingwa wa shabaha ya karibu, wa yadi 100 na 200, wengi wao hawapimi kabisa. Humimina kwa chombo chenye kishubaka kinachogeuzwa, kwa mkono usiobadilika mwendo, na matundu yao katika karatasi hugusana. Nilifurahi moyoni kwa ajili ya pishi na kibaba. Washairi wazee niliowajua Pemba hawakuhesabu silabi kwa vidole. Waliimba, na pale mstari ulipopungua sauti ilianguka shimoni. Lakini walenga shabaha wa mbali, wa yadi 1,000, hupima mpaka chembe moja ya baruti, kwa sababu tofauti ndogo ya mwendo huwa kubwa risasi inapofika.

Na chembe hizo, ambazo ni vijiti vidogo vilivyokatwa, kwa lugha yao pia huitwa kwa jina la punje ya nafaka. Mpwa wangu alizihesabu usiku mmoja kwa kibanio, kisha akanipigia huko kwao kukiwa kumekucha na huku jua linaelekea kuzama. Katika baruti yake, punje hamsini hufanya punje moja. "Sasa mjomba," akasema, "hilo utalifasiri vipi?"

Ile ya kupimia nimeiandika punje. Ile ya kumiminika nimeiandika chembe. Mzee wa barazani hayupo tena wa kunisomea mara mbili.